Liki Mbili za Norman Storey

Watu hudhani kazi yangu ilikuwa kusema. Sivyo. Kazi yangu ilikuwa kuwanyamazisha watu. Kwa miaka kumi na tisa nilikaa katika vyumba visivyo na dirisha, ubavuni mwa wezi, walevi, wapiga wake zao, na wachache ambao hawakufanya lolote, na wote niliwaambia jambo moja: funga mdomo. Polisi wa kwetu wakimkamata mtu, ana haki ya kuwa na wakili kabla ya kuhojiwa na wakati anahojiwa. Mawakili wenye suti nzuri hawapendi harufu ya mahabusu, kwa hiyo walinituma mimi, ambaye si wakili ila nilikuwa na kibali cha kuwawakilisha.

Nilikuwa na mtindo wangu. Kabla hatujaingia kwenye mahojiano namwambia mteja: "Ukiulizwa chochote, jibu lako ni 'sina la kusema'. Ukisikia nagonga kalamu mezani mara mbili, kata hapo hapo, hata kama neno liko nusu mdomoni." Kalamu yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito, ya marehemu baba. Watu wengi walirudi nyumbani kwao kwa sababu ya kalamu ile, na si wote waliostahili kurudi. Hilo halikuninyima usingizi hata siku moja, mpaka nilipoitwa kumwakilisha Cuddy Hepple.

Ilikuwa Jumanne ya Septemba, mwaka 1993, mchana wa mvua nyepesi. Kwenye benchi la mapokezi ya kituo alikuwa amekaa Edna Storey, dada yake Cuddy. Nilimtambua kabla hajageuka, maana wanawake wa kijiji cha Haddrick wa rika lake hukaa namna moja, mkoba magotini na mikono juu ya mkoba. Mimi pia ni mtoto wa Haddrick. Kando yake alikuwa ameweka koti la mwanamume, limekunjwa vizuri, na mkate wa nyama ya nguruwe na njegere za kupondwa ndani ya karatasi.

"Isobel! Binti wa Ernie!" akasema. "Afadhali wamekuleta wewe. Mume wangu hajulikani alipo tangu Jumapili, na badala ya kumtafuta wamemshika kaka yangu. Hivi hawa wana akili kweli?"

"Umekula lakini, Bi Edna?"

"Nile nini, mwanangu? Hicho chakula ni cha Cuddy. Na koti nimemletea, maana walimchukua na shati tupu kama mwizi wa kuku. Akitoka tunakwenda kwake wote wawili. Hataki nilale peke yangu kwenye nyumba ile."

Nikamwambia hilo ni jambo jema. Nililisema kwa moyo mweupe kabisa.

Ndani nilipokewa na Sajenti Lorna Purvis wa upelelezi. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye akili, mpole kwa sauti, na alikunywa chai bila maziwa, jambo lililofanya kituo kizima kimsengenye. Sheria inamtaka mpelelezi amwambie mwakilishi walau kidogo juu ya kesi kabla ya mahojiano, naye alinipa hicho kidogo bila kunizungusha.

"Una nini?" nikamwuliza.

"Nina mtu aliyepotea, Norman Storey, miaka sitini na sita. Jumapili asubuhi alimuaga mkewe kwamba anakwenda bustanini kuangalia liki zake. Hakurudi. Nina bustani ambayo liki zimekatwakatwa zote. Na nina shemeji yake, huyo mteja wako, aliyesikika kwenye klabu ya wakulima wa liki wiki iliyopita akisema Norman hataiona siku ya maonyesho."

"Klabuni kila mtu husema hivyo, kila mwaka."

"Ndivyo wanavyoniambia. Kijiji kizima, kama kwaya."

"Mwili?"

"Hatujapata."

"Shahidi?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo huna kitu, Lorna."

"Nina mpaka saa kumi," akasema, akaitazama saa ya ukutani. "Jana saa kumi jioni ndipo alipoingia hapa. Saa zake ishirini na nne zinaisha leo, na bosi wangu amekataa kumwongezea hata dakika nisipompelekea kitu kipya. Asiposema kitu, saa kumi anavaa koti lake na kwenda nyumbani."

Akasukuma picha mezani, ile iliyopigwa bustanini kwa Norman.

Nikisema liki, usifikirie vile vijiti vya kijani, jamii ya kitunguu, vinavyouzwa sokoni kwa ajili ya supu. Liki ya mashindano ina shina nene kama paja la mtoto, na mwanamume wa Haddrick huilea kuanzia Januari mpaka Septemba kwa uangalifu ambao mkewe hajawahi kuuona. Hulishwa vitu vya siri. Siku kumi kabla ya maonyesho wazee wa klabu hupita bustani kwa bustani na kuzigonga mhuri wa zambarau kwenye jani, zikiwa bado ardhini, ili mtu asije akaleta mezani liki ya mwingine. Za Norman ziligongwa mhuri Jumamosi saa nne asubuhi. Zilizozungumzwa hasa ni mbili za mwisho wa tuta, jozi aliyokuwa akiiandalia kombe.

Na kila mwaka kuna mtu ambaye bustani yake huvamiwa na wakataji. Wivu huwafanya wazee wa watu waruke uzio na kisu. Lakini mkataji ana haraka. Anafyeka majani, anachoma mashina mara mbili tatu, anakimbia. Hang'oi. Hana muda wa kung'oa.

Katika picha, tuta zima lilikuwa limefyekwa hivyo, isipokuwa mwishoni. Pale palipokuwa na ile jozi hapakuwa na kitu. Udongo ulikuwa umelainishwa kwa reki, taratibu, bila haraka yoyote, kipande kirefu na kipana kama mlango.

Purvis aliona bustani iliyoharibiwa na wahuni. Mimi niliona tuta lililofukuliwa siku tisa kabla ya maonyesho, na hakuna mtu wa Haddrick mwenye akili zake anayefukua tuta mwezi huo. Nikamrudishia picha nikasema asante, kwa sababu mimi si polisi, na ninachokijua juu ya mteja wangu si mali yao.

Cuddy Hepple alikuwa ameketi wima kwenye kitanda cha mahabusu, miaka sabini, mabega bado ya mchimba makaa ya mawe. Alikuwa ameosha mikono yake mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Binti wa Ernie Tait," akasema. "Baba yako alikuwa na mkono mzuri wa liki. Ila alimwagilia mno."

"Nimekuja kukuwakilisha, Mzee Hepple, si kumsema baba yangu."

Akacheka. "Haya, mwanangu. Niwakilishe."

Nikampa masharti yangu, pamoja na habari ya kalamu. Nikamweleza kwamba hawana kitu, na kwamba akinyamaza mpaka saa kumi atakwenda zake. Miaka hiyo sheria ilikuwa bado haijabadilishwa, na unyamavu wa mtu haukuweza kutumiwa dhidi yake mahakamani. Nikamwambia tutasoma maelezo mafupi mwanzoni, kisha mdomo unafungwa.

"Andika," akasema. "Sijakanyaga bustani ya Norman Storey tangu mwezi wa Mei, na sijui alipo."

Nikaandika, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani. Nilipokuwa nafunga faili ndipo akaanza kuzungumza, akiwa ameegemea ukuta kama mtu aliye barazani kwake.

"Unajua mbegu ile ni ya nani? Ya baba yetu. Miaka arobaini aliitunza, hakumpa mtu hata mche. Alipokufa akaniachia mimi. Sio Edna, mimi. Na Edna wakati wa baridi akachukua miche sita kibandani kwangu, akaificha chini ya taulo, akampelekea mumewe. Dada yangu wa tumbo moja! Mwezi wa Mei nikapita pale, nikaziona kwenye tuta lake. Nilizitambua kabla sijafika kwenye uzio."

"Mzee Hepple, usiniambie kitu ambacho sijakuuliza."

"Sikuambii kitu. Nakusimulia habari za mbegu." Akanitazama kwa macho ya rangi ya mvua. "Edna yuko nje?"

"Yuko. Na koti lako."

"Mwanamke mwema. Jumapili alinisafishia hata viatu, na tope lote lile, wala hakuuliza. Lakini ataanza kuuliza. Namjua Edna. Akishatulia kidogo, anaanza kuuliza, na akianza haachi." Akaigeuza mikono yake, akaitazama upande wa viganja. "Nimemwandalia chumba cha nyuma. Atapumzika huko. Hatahangaika tena na mtu."

Nimewahi kusikia wanaume wakitisha kuua kwa sauti ya kupasua masikio, nikaenda zangu kula chakula cha mchana. Hii ilisemwa polepole, kwa upendo kabisa, nami nikagonga mlango nifunguliwe.

Nikatoka kwenda kwenye simu ya ukutani, nikampigia Bwana Lishman, wakili mwenye ofisi. Anachoniambia mteja ni siri, nami nabeba siri hiyo mpaka kaburini. Kuna mlango mmoja mdogo tu: nikiamini mteja anakaribia kumuua au kumdhuru mtu vibaya, naweza kusema. Nikamweleza yote, nikinong'ona.

"Amesema atamdhuru?" akauliza Lishman.

"Amesema atapumzika."

"Isobel, hata mama yangu namwambia apumzike."

"Hukumsikia alivyolisema."

"Sikumsikia, na jaji naye hatamsikia. Mzee amemwandalia dada yake chumba, na wewe unataka kwenda kumchoma kwa polisi kwa sababu ya sauti yake? Watakufutia kibali, na mimi nitafunga ofisi. Hujasikia kitu. Rudi ndani ufanye kazi yako."

Aliposema hivyo nilimchukia, hasa kwa kuwa alikuwa sahihi. Nilirudi nikipita mapokezi. Edna alikuwa amelilaza koti mapajani, anatoa vinyuzi vya sufu kwenye kola, kimoja kimoja.

Tuliingia kwenye mahojiano saa nane na nusu. Purvis alitia kanda kwenye mashine, ile sauti ndefu ya mlio ikatoboa masikio, kisha akataja majina yetu. Nikasoma maelezo ya Cuddy. Baada ya hapo akaanza.

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Sina la kusema."

"Uligombana na Norman juu ya nini?"

"Sina la kusema."

"Nani amekata liki zake?"

"Sina la kusema."

Nilihesabu maswali arobaini na moja, na jibu lilikuwa hilo hilo, kila mara kwa adabu, kila mara baada ya kutulia kidogo kana kwamba alikuwa analifikiria swali. Sijapata kuwa na mteja bora. Wezi wazoefu hujikwaa, maana binadamu akiulizwa hujisikia vibaya kutojibu, na watu wa kwetu zaidi kuliko wote, tumelelewa hivyo. Purvis akimwuliza kama angependa maji, Cuddy hutikisa kichwa tu. Kalamu ilikaa kati ya vidole vyangu bila kazi. Mshale wa saa ukapita saa tisa, ukapita na nusu, na mimi niliyetakiwa kufurahi nilikuwa nakiwazia chumba cha nyuma ambacho sijawahi kukiona.

Saa tisa na dakika thelathini na nane Purvis akafunga faili lake. Akaonekana amechoka. Mpaka leo sijui kama alichokifanya alikipanga au kilimtoka tu.

"Kabla sijazima," akasema, mkono ukiwa tayari kwenye mashine. "Mwenyekiti wa klabu ameniambia jambo, mimi siyajui haya mambo yenu. Anasema zile liki mbili za mwisho za Norman zingechukua kombe. Zako zingekuwa za pili."

"Sina la kusema." Safari hii lilichelewa kutoka.

"Anasema hajaona jozi kama ile miaka ishirini. Anasema mbegu ni mbegu tu, mwenye mkono alikuwa Norman."

Shingo ya Cuddy ikaanza kuiva kutoka kwenye kola kwenda juu. Niliijua rangi ile. Niliiona kwa baba yangu kila Septemba, mtu alipopita kwenye uzio akasifu tuta la jirani. Kifua kikamjaa, mdomo ukafunguka, na mimi nikajua kwa hakika, kama ninavyolijua jina langu, kwamba anakaribia kuzungumza.

Kalamu ilikuwa mkononi. Kuigonga kunachukua muda gani? Nusu ya pumzi. Nikaliona koti mapajani mwa Edna, na vidole vyake kwenye kola. Nikavuta pumzi. Nikaitoa. Nikavuta tena, nikaitoa, na mara ya tatu hivyo hivyo, na kalamu ikabaki imesimama juu ya meza kama mkono haukuwa wangu.

"Jozi?" akasema Cuddy. "Jozi gani? Moja ilikuwa na ufa, bibie! Ufa wa urefu wa kidole, chini kabisa, karibu na mizizi. Ukiiosha tu unauona. Waamuzi wangeitupa nje kabla hawajatoa kipimo. Na Norman mwenyewe alikuwa hajui! Ati mkono! Mjinga yule alimwagilia mpaka akaipasua—"

Hapo ndipo nikagonga. Mara mbili.

Akanyamaza palepale, kama nilivyomfundisha. Akageuza kichwa akanitazama, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa mweupe. Alikuwa ameelewa alichosema. Alikuwa ameelewa pia nilichofanya.

Sehemu ile ya liki huwa chini ya udongo, shibiri nzima. Jumamosi saa nne wazee wa klabu waliziacha ardhini zikiwa na mhuri wao. Jumapili Norman akapotea. Mtu aliyeuona ufa ule aliing'oa liki baada ya hapo na kuiosha, na mtu huyo alikuwa ametia sahihi kwamba hajakanyaga bustani ile tangu Mei.

Purvis hakuelewa. Aliandika mstari mmoja, akataja saa, akazima mashine.

Alinifuata kwenye korido wakati Cuddy akirudishwa mahabusu. Ilikuwa imebaki robo saa. "Hebu niambie," akasema. "Mtu wako ananyamaza saa nzima kama jiwe, halafu anakasirika kwa ajili ya kitunguu, na wewe unamgongea kalamu. Alisema nini kibaya pale?"

"Sina la kusema," nikajibu.

Nimelisikia jibu hilo maelfu ya mara, na najua linavyosikika likiwa tupu na linavyosikika likiwa na kitu nyuma yake. Purvis naye anajua, ni kazi yake. Alinitazama kwa muda. Nilipaswa kuyaondoa macho yangu kwake, sikuyaondoa. Kisha akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye dawati la Sajenti Dodds wa mahabusu, aliyekuwa tayari ameshika fomu ya kumwachia Cuddy. Dodds alikuwa na liki zake mwenyewe nyuma ya nyumba.

Nikamsikia Purvis akimsomea kutoka kwenye daftari lake. Dodds akaweka kikombe chini.

"Chini kabisa?" akauliza. "Karibu na mizizi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Sasa, Sajenti, hiyo liki aliing'oa nani?"

Nilikwenda kukaa na Edna. Akaniuliza kama ampeleke Cuddy koti, nikasema bado. Akaniuliza kama wamemaliza, nikasema karibu. Tukasikia magari mawili yakiondoka uani kwa kasi. Saa kumi ikafika ikapita, na hakuna aliyetoka.

Walichimba kile kipande cha mwisho wa tuta na kabla ya saa kumi na mbili walikuwa wamemfikia Norman. Zile liki mbili zilikuwa juu ya kifua chake. Zilikuwa zimeoshwa zikang'aa, majani yamefungwa kwa uzi kama yanavyofungwa kupelekwa mezani, na mhuri wa zambarau ulikuwa unasomeka. Moja ilikuwa na ufa, urefu wa kidole.

Purvis ndiye aliyemwambia Edna, akiwa amepiga goti sakafuni mbele yake. Edna hakulia. Alilikunja koti upya, mikono ndani, akaniuliza mimi, si Purvis, kama mkate ule sasa autupe.

Cuddy nilimwona mara moja zaidi, baada ya kufunguliwa mashtaka ya kuua. Alikuwa amekaa vilevile, wima.

"Hukugonga," akasema.

"Niligonga."

"Ulichelewa, mwanangu. Ernie asingechelewa." Hakulisema kwa hasira. Alinionyesha kosa kama mtu anavyomwonyesha jirani tuta lisilopaliliwa, kisha akaniomba nimtafutie wakili mwingine. Nilitoka pale nikiona aibu mpaka nikashindwa kumtazama Dodds.

Polisi walipekua tena nyumba yake. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeandaliwa kweli. Shuka mpya, maua kwenye chupa ya jemu, picha ya baba yao ukutani. Na dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari sita, mipya, kutoka nje. Nilipoambiwa nilitaka kumshukuru Mungu. Halafu nikakumbuka kwamba nyumba zile za wachimba makaa zinaingiza upepo kila mahali, na mama yangu naye alikuwa akipigilia dirisha letu kila mwaka. Yeye alingoja mpaka Novemba. Lakini Cuddy alikuwa mtu wa kufanya mambo mapema, na mahakamani hakuulizwa.

Kesi ilisikilizwa majira ya kuchipua. Kanda ilipigwa mbele ya watu wote. Tulimsikia Purvis akisifu mkono wa Norman, kisha kimya, kimya kirefu kuliko nilivyokikumbuka, na ndani yake pumzi za mtu, moja, mbili, tatu. Kisha Cuddy. Kisha kalamu, mara mbili. Alifungwa maisha. Niliiweka kalamu kwenye droo wiki hiyo hiyo na kazi ile nikaiacha.

Edna yuko hai. Ana miaka themanini sasa, anakaa nyumba ileile, na bustani ya Norman ameiachia majani. Mwaka jana nilikutana naye nje ya kanisa, mvua ikinyesha, nikamfunika na mwavuli wangu mpaka kituo cha basi. Tulipofika akanishika mkono juu ya kiwiko, akabana kwa nguvu ambayo sikuitarajia.

"Niliisikia ile kanda, Isobel," akasema. "Ulikuwa na muda. Norman alikuwa ameshakufa, hakuna aliyeweza kumrudisha. Lakini ungefanya kazi yako, mimi ningekuwa na kaka."

Nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nalo neno kwa neno, na sauti ya Cuddy, na mikono ile nyeupe iliyogeuzwa viganja juu. Lakini mteja aliniambia kwa siri, na siri ile bado ni yake huko aliko, hajaniruhusu, na nimeshaisaliti kazi yangu mara moja.

"Pole, Bi Edna," nikasema, nikamshikia mwavuli mpaka basi likaja.